Kukabidhi Kazi ya Mwaka wa Mwisho kwa Mtandao: Wajibu wa Chuo na wa Mwanafunzi

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anapofikia mwaka wa mwisho hupewa kazi moja isiyofanana na mitihani yote aliyoifanya kabla, nayo ni mradi, yaani utafiti au ubunifu anaoufanya chini ya uangalizi wa mhadhiri aitwaye msimamizi, kisha akauandikia ripoti ambayo husahihishwa na kuingizwa katika hesabu ya daraja la shahada yake. Kwa miaka mingi ripoti hiyo ilichapwa, ikajalidiwa na kupelekwa kwa mkono katika ofisi ya idara. Siku hizi vyuo vingi vya Afrika Mashariki huitaka ipelekwe kwa mfumo wa mtandao, yaani programu inayokaa katika seva, ambamo mwanafunzi huingia kwa namba yake ya usajili na nywila, akapakia faili lake, na mfumo ukaandika tarehe na saa ya kupokelewa. Mabadiliko haya ni ya heri na hayafai kurudishwa nyuma. Hata hivyo yamezaa dhana potofu, kwa wanafunzi na kwa vyuo pia, kwamba kukabidhi kazi ni kubofya kitufe, na kwamba kitufe kikishabofywa hakuna anayebaki na deni. Makala haya yanashikilia kinyume chake: kukabidhi kazi ni makabidhiano, makabidhiano yana pande mbili, na hakuna mfumo, hata uwe bora namna gani, unaoweza kuubeba wajibu wa upande wowote kati ya hizo.

Faida ya mfumo huu huonekana kwanza katika mifuko ya wanafunzi na katika safari zao. Ripoti iliyotakiwa katika nakala kadhaa zenye jalada gumu ilimlazimu mwanafunzi kupanga foleni stesheneri katika wiki ileile ambayo wenzake wote walikuwa kwenye foleni hiyo, akalipia kuchapa, kutoa kopi na kujalidi, na ulipogundulika ukurasa mmoja uliokosewa, jalada lilichanwa na gharama ikaanza upya. Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 ili kiwafundishe watu walioko mbali na madarasa, faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa aliyeko Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, hana sababu ya kupanda basi ili kupeleka bahasha. Wala jambo hili si jaribio geni duniani, kwani chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani kilianza kuwataka wanafunzi wake wa shahada za juu wakabidhi tasnifu kwa njia ya kielektroniki tangu mwaka 1997.

Wapo wanaosema kwamba karatasi ni salama zaidi kwa kuwa huonekana na kushikika. Hoja hii ina uzito wake, lakini haisimami peke yake. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliotoka kwenye miteremko ya Table Mountain uliingia katika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger pamoja na makumi ya maelfu ya vitabu na machapisho ya taaluma za Afrika, na yale yasiyokuwa na nakala mahali pengine hayatarudi. Kwa upande wa pili, mwezi Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliishambulia Maktaba ya Uingereza, wakaiba data na kuharibu seva, na huduma yake iitwayo EThOS, iliyokuwa mlango wa kuzifikia tasnifu za uzamivu za vyuo vikuu vya nchi hiyo, ikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tasnifu zilizokuwa zimetunzwa na vyuo vyenyewe ndizo zilizoendelea kusomeka. Matukio haya mawili yanafundisha somo moja, kwamba usalama wa maandiko hautokani na chombo yanamowekwa, bali hutokana na wingi wa nakala na uangalifu wa anayezitunza. Kwa hiyo anayehamia kwenye mtandao hajapunguziwa kazi ya kutunza. Amebadilishiwa namna ya kuifanya.

Wajibu wa kwanza wa chuo ni kutoa stakabadhi. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanalielewa jambo hili kutokana na mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005: mzigo hauachwi mlangoni kwa kuaminiana, bali hupimwa uzito, hukaguliwa daraja, na hutolewa hati inayotaja kilichopokelewa, ili kikipungua baadaye ijulikane kimepungulia mikononi mwa nani. Kazi ya miezi mingi ya mwanafunzi haistahili uangalizi ulio mdogo kuliko wa gunia la korosho. Mara faili linapopokelewa, mfumo unapaswa kuwapelekea mwanafunzi na msimamizi wake barua pepe yenye jina na namba ya usajili, mada ya kazi, saa ya kupokelewa, ukubwa wa faili na alama ya utambulisho ya faili hilo. Alama hiyo, inayopatikana kwa kanuni ya kihesabu kama ile iitwayo SHA-256, ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 ambao kompyuta huukokotoa kutokana na yaliyomo katika faili, na ikibadilishwa hata nukta moja, mfuatano huo hugeuka kuwa mwingine kabisa. Ukizuka mgogoro kwamba kilichosahihishwa sicho kilichopelekwa, hulinganishwa alama mbili na suala likaisha, badala ya watu kushindana kwa sauti ofisini. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la zama hizi ndilo hili.

Wajibu wa pili wa chuo ni kuweka saa ya mwisho kwa busara. Desturi iliyoenea ni kuiweka saa 23:59, ambayo kwa hesabu ya Kiswahili ni dakika moja kabla ya saa sita usiku, nayo ni saa mbaya kuliko zote, kwa kuwa fundi wa mfumo amelala, ofisi ya idara imefungwa, na wanafunzi wote wanaugonga mlango mmoja kwa wakati mmoja. Hatari huzidi pale tangazo linaposema "tarehe 30 saa 00:00", kwa maana katika hesabu ya saa 24 hiyo ni mwanzo wa tarehe 30 wala si mwisho wake, na anayedhani kwamba ana siku nzima mbele yake huukuta mlango umefungwa tangu usiku. Seva nayo yaweza kuwa imewekwa kwenye saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo kazi iliyopokelewa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 30 ikaandikwa kuwa ni ya saa 23:00 ya tarehe 29. Dawa ya yote haya haina gharama: saa ya mwisho iwe saa kumi jioni ya siku ya kazi, iandikwe kwa hesabu zote mbili, na fundi wa kupokea simu awepo mezani tangu asubuhi.

Pamoja na hayo, chuo kiwe na kanuni ya dharura iliyoandikwa kabla ya dharura yenyewe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazoiunganisha Afrika Mashariki na dunia, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti au kuipata kwa kusuasua, katika msimu uleule ambao wanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho huwa wanakamilisha ripoti zao. Hakuna mwanafunzi aliyezikata nyaya zile, wala hakuna aliyeweza kuziunga. Haki hudai kwamba mfumo au mtandao ukizimika kwa watu wote, muda uongezwe kwa wote kwa kiasi kilekile, bila kumlazimu kila mmoja kuandika barua ya kuomba huruma na kuzungushwa kutoka meza moja hadi nyingine. Wanaohofu kwamba kanuni ya namna hii italea uvivu wanachanganya huruma na haki, kwa sababu muda ulioongezwa kwa wote kwa sababu inayojulikana haumpendelei mvivu kuliko mwenye bidii.

Chuo kikishatimiza hayo, mzigo humrudia mwanafunzi, naye hana budi kuubeba bila kutafuta udhuru. Siku ya mwisho iliyotangazwa ni kikomo cha subira ya chuo, si miadi ya kuanza kupakia, na mwenye busara hujiwekea siku yake mwenyewe, walau siku tatu kabla, ili bando likiisha au umeme ukikatika abaki na nafasi. Ripoti na igeuzwe kuwa PDF, aina ya faili inayoyafungia maandishi, majedwali na michoro mahali pake ili msahihishaji aone kilekile alichokiona mwandishi, kisha isomwe upya tangu jalada hadi kiambatisho cha mwisho, kwa kuwa hapo ndipo hugundulika kwamba orodha ya yaliyomo inataja ukurasa wa 34 ilhali sura yenyewe imehamia ukurasa wa 36, au kwamba mlinganyo umegeuka visanduku vitupu. Picha zilizopigwa kwa simu zipunguzwe ukubwa kabla ya kuingizwa, maana chache tu zaweza kulifanya faili livuke kiwango kinachokubaliwa na mfumo. Faili lipewe jina lenye namba ya usajili na mada, si jina la aina ya "mwisho kabisa 3", ambalo humfanya mtu apakie rasimu akidhani ni kazi iliyokamilika.

Hatua inayosahaulika zaidi ni ile inayofuata baada ya kupakia. Katika Moodle, mfumo wa kufundishia unaotumiwa na vyuo vingi, faili laweza kuwa limekwisha kufika kwenye seva huku hali yake ikisomeka kuwa ni rasimu ambayo haijakabidhiwa, mpaka mwanafunzi athibitishe kwa kitufe cha pili. Kwa hiyo asifunge kompyuta kabla ya kuiona hali hiyo ikibadilika. Kisha apakue faili hilohilo kutoka kwenye mfumo, alifungue na kulipekua, na abaki na nakala mbili nje ya kompyuta yake, moja katika flashi na nyingine katika barua pepe.

Mifumo mingi imeunganishwa pia na programu za kupima ufanano, ambayo maarufu zaidi ni Turnitin, iliyoanzishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Programu hizo hulinganisha ripoti na maandiko yaliyomo katika hifadhidata yake, kisha hutoa asilimia ya maneno yaliyofanana. Asilimia hiyo ni kipimo cha ufanano, si hukumu ya wizi: orodha ya marejeleo na nukuu zilizotajiwa chanzo huipandisha bila kosa la mtu, ilhali aliyenakili kutoka tasnifu ya karatasi isiyopata kuingizwa mtandaoni hupita na asilimia ndogo. Mhadhiri anayemfelisha mwanafunzi kwa kuitazama namba peke yake ameikabidhi mashine kazi ya akili yake, na mwanafunzi anayebadilisha neno mojamoja ili namba ishuke amejifunza kukwepa, hakujifunza kuandika. Msimamizi aliyeisoma rasimu sura kwa sura tangu mwanzo wa mwaka huijua sauti ya mwanafunzi wake kuliko programu yoyote. Naye asiiache idhini yake ikingojewa katika mfumo mpaka muda ukapita, kwa kuwa ucheleweshaji wa mkubwa huandikwa katika jina la mdogo.

Makabidhiano hayaishii kwenye alama. Ripoti za shahada ya kwanza hubeba mambo ambayo pengine hayajaandikwa mahali pengine popote: vipimo vya chumvi katika maji ya visima vya mtaa, maneno ya lahaja inayofifia, mchoro wa mashine ya kukaushia dagaa. Mara nyingi ripoti hizo husahauliwa, huku kazi za uzamili na uzamivu zikiwekwa katika hazina ya kidijitali, yaani maktaba ya mtandaoni ya machapisho ya chuo, kwa kutumia programu kama DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 bila malipo na maktaba za chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Vyuo vilivyokwisha kuwa na hazina ya namna hiyo na vifungue chumba kwa miradi bora ya shahada ya kwanza, ili mwanafunzi wa mwaka unaofuata aanzie pale alipoishia mwenzake. Lakini kufungua kuna masharti. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 kazi hulindwa kwa kutungwa kwake tu, hivyo yafaa idhini ya mwandishi iombwe kwa maandishi siku ileile ya kukabidhi. Majina na namba za simu za waliohojiwa, ambazo mara kwa mara husahauliwa katika viambatisho, ziondolewe kabla ya kupakiwa, kwa kuwa watu hao walimwamini mwanafunzi, hawakuiamini dunia nzima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda.

Litasalia swali la mwanafunzi asiye na kompyuta, ambaye huandika ripoti yake kwa zamu katika mashine ya rafiki au kwenye simu. Jibu la haki kwake si kuirudisha karatasi, ambayo nayo ilimtoza fedha asizokuwa nazo, bali ni chuo kuiacha maabara ya kompyuta wazi hadi usiku katika wiki za mwisho, na kuweka mtu wa kumwelekeza asiyejua kugeuza au kupunguza faili.

Basi kabla ya msimu ujao kufunguliwa, kila idara na iujaribu mfumo wake kwa faili la mfano, iitazame saa ya seva, iandike kanuni ya dharura na kuibandika mahali inaposomeka. Na kila mwanafunzi aanze sasa kuitunza kazi yake kama mtu atakayeulizwa habari zake. Chuo kinachodai nidhamu ya saa hakina budi kuwa cha kwanza kuionyesha, na mwanafunzi anayedai haki yake hana budi kuja na stakabadhi mkononi.