Uliza kwanza kilifanya kazi gani



Mkutano wetu wa mwisho ulianza na kicheko. Tulikuwa tunangojea watu wa vijiji vya mbali, na agronomo akatoa telefone yake akatuonyesha picha ya kiti. Kilikuwa na rangi kama kitenge: nyekundu, bluu, manjano. Mbao zake zilikuwa ndefu na nyembamba, ncha zake zimepinda juu kama pua ya mtumbwi. Akauliza: "Munajua hii ni nini?" Hakuna aliyejua.

Akatuambia kwamba hizo ni ski. Watu wa nchi za baridi wanazifunga miguuni, moja kwa kila mguu, halafu wanateleza nazo juu ya theluji kushuka mlima. Wenzetu wa upande wa Mutwanga, ambao hewa ikiwa safi wanaona theluji ya Ruwenzori kwa macho yao, walielewa haraka kuliko sisi wengine. Ski zikizeeka, watu wengi wa huko hawazitupi. Wanazigeuza kiti, benchi, rafu ya ukutani, hata uzio wa bustani.

Papa mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti: "Kumbe bazungu nao banajidebruya!" Tukacheka wote, mkutano ukaendelea na habari za bei ya kahawa. Lakini mimi nilirudi nyumbani na ile picha kichwani, na kwa sababu yake ninaandika leo. Nataka tuongee juu ya vitu vya zamani katika koperative zetu: vipi vya kutumia tena, na vipi vya kukataa kabisa.

Baada ya mkutano nilimfuata agronomo nikamuuliza: mbona wanaziacha kama bado ni nzima? Akanieleza kwamba ski za miaka ya zamani zilikuwa ndefu sana, karibu mita mbili, na zimenyooka. Kuanzia miaka ya 1990 zikaja fupi zaidi, zenye kiuno chembamba, rahisi kugeuza, na watu wakaziacha zile za kwanza. Tena vile vifungo vinavyoshika kiatu vikizeeka havina usalama: vinaweza kukataa kufunguka wakati mtu anaanguka, akavunjika mguu. Na huwezi kuiyeyusha ski yote pamoja, kwa sababu ndani mara nyingi ni mti, pembeni ni chuma, juu kuna nyuzi za kioo zilizogandishwa na gundi, na chini ni plastiki, ndugu ya plastiki ya bidoni zetu. Kwa hiyo kuigeuza benchi ni njia nzuri kuliko kuipeleka jalalani.

Wanafanyaje? Wanatoa vifungo kwanza. Wanakata kwa msumeno wa chuma, maana ule chuma cha pembeni unaua msumeno wa mti. Wanafunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la nyuzi za kioo ni baya kwa mapafu. Halafu wanatoboa matundu na kukaza kwa bulo, hawapigi misumari. Kwa mtu aliye na vyombo, ni kazi ya siku moja au mbili, na watoto wanasaidia wakifurahi.

Mimi naona siri iko hapa. Ski inafaa kuwa kiti kwa sababu ya kazi yake ya kwanza. Ilibeba uzito wa mtu mzima, ikapinda bila kuvunjika, ikakaa kwenye maji na baridi bila kuoza. Kiti nacho kinataka mambo hayo hayo. Kwa hiyo mbele ya kugeuza kitu chochote cha zamani, uliza: kilifanya kazi gani? Kilibeba nini? Jibu la swali hilo litakuambia kama unaweza kukipa kazi nyingine.

Tuanze na vitu ambavyo tayari tunavijua. Chukudu yetu ya Kivu ya Kaskazini, ile iliyojengewa sanamu katikati ya Goma, ni mti mtupu, lakini magurudumu yake yanavaa mpira wa pine ya gari iliyochoka. Ule mpira ulikuwa unabeba gari kwenye mawe, basi utabeba mamia ya kilo za viazi na makala kwenye mawe yale yale. Hata breki ya nyuma ni kipande cha mpira ambacho dereva anakanyaga akishuka mteremko. Hakuna mhandisi aliyekuja kutufundisha hilo.

Resore ya kamio ni vilevile. Ile kazi ya kupinda na kurudi, miaka na miaka chini ya mzigo, inataka chuma kikali, chenye kukubali moto na nyundo. Mhunzi akiipata anatoa panga na jembe la kudumu. Lakini sisi tunafanya nini? Mnunuzi wa vyuma vya zamani anapita na mizani yake, tunampa resore kwa franka kidogo, jioni tunakunywa hizo franka. Msimu ukifika, tunatafuta majembe. Kwetu tuliwahi kugawiwa majembe mapya na shirika moja, na tulishukuru, kwa sababu zawadi haitukanwi. Lakini mengi yalipinda kwenye mawe yetu kabla ya palizi ya pili. Na mhunzi wetu, ambaye watu walikuwa wamepata majembe ya bure, alikaa msimu wote bila kazi. Mwisho akafunga kibanda akaenda kuchimba dhahabu. Jembe la bure lilitunyima mtengeneza majembe, na siku barabara inafungwa, jembe jipya halifiki na mhunzi hayuko.

Sasa bidoni. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu bidoni ndiyo inaweza kutuokoa na ndiyo inaweza kutuua.

Bidoni ya mafuta ya kula ilibeba chakula. Basi inaweza kubeba chakula tena. Ioshe kwa maji moto na sabuni mpaka harufu iishe, ianike ikauke kabisa, halafu tia mbegu ya maharagi mpaka shingoni na ukaze kifuniko vizuri. Vidudu vya maharagi vinapumua kama sisi. Bidoni ikijaa na ikibana, hewa ya ndani inaisha na vidudu vinakufa, bila dawa hata tone moja. Ila maharagi yawe makavu kweli. Mama zetu wanajua kuyapima kwa jino, lakini kuna njia nyingine: tia konzi ya maharagi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishikamana na kioo, rudisha maharagi juani. Na usifungue bidoni kila juma kuchungulia, utawapelekea vidudu hewa.

Bidoni ndogo ya lita tano, ukiitoboa tundu na kuifunga kwa kamba kwenye mti wa kukanyaga kwa mguu, inakuwa mahali pa kunawa mikono bila kugusa kitu. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, tulinawa kila mahali: sokoni, kanisani, kwenye vizuizi vya barabara. Ugonjwa ulipoisha, sehemu nyingi vile vyombo vikaoza na hakuna aliyevirudisha. Kwani mikono yetu ilikoma kuwa michafu?

Lakini kuna bidoni na chupa nyingine, na hizo kazi yao ilikuwa kubeba sumu.

Nitasema lililotokea kwetu, na lawama ninaiweka juu yetu wenyewe. Koperative ilileta dawa ya kunyunyizia, ikaigawa kwa wanachama, ikaandika majina katika daftari. Tulifundishwa kupima dawa. Juu ya chupa, hakuna aliyesema neno. Ile chupa ilikuwa nzuri, nyeupe, yenye kifuniko kinachokaza vizuri kuliko chupa zote za sokoni. Mwanachama mmoja aliiosha, akaiosha tena, akaanza kwenda nayo shambani na maji ya kunywa. Siku moja mtoto wake wa miaka minne alikunywa. Jioni mtoto alitapika, mate yakamtoka mengi, akaanza kutetemeka. Walimbeba usiku kwa mgongo mpaka kituo cha afya. Kwa neema ya Mungu alipona. Baba yake mpaka leo anasema: "Mimi niliosha, nilifikiri imetakata."

Alifikiri vile kwa sababu hakuna aliyemwambia. Plastiki inakunywa dawa. Unaosha uso wake, lakini ile iliyoingia ndani inabaki, na inarudi kutoka pole pole katika maji, katika mafuta, katika mbegu. Sabuni na majivu havitoshi. Harufu ikiisha, sumu inaweza kuwa bado iko. Kwa hiyo chupa ya dawa haina kazi ya pili, hata ikiwa nzuri namna gani, hata kama mafuta ya taa tu ndiyo unataka kuweka. Kesho mtu mwingine ataikuta haina taa, ataweka mawese.

Utaratibu wake ni huu. Dawa ikiisha, tia maji robo ya chupa, funga, tikisa nusu dakika, mwaga maji hayo ndani ya pompi ya kunyunyizia, si mtoni, si kwenye nyasi za mbuzi. Fanya hivyo mara tatu. Halafu itoboe chini na pembeni kwa msumari, isiweze tena kushika hata kijiko cha maji. Usiichome jikoni wala nyuma ya nyumba, moshi wake nao ni sumu. Irudishe depo, iwekwe mahali penye kufuli, mpaka koperative ikubaliane na muuzaji au huduma ya kilimo namna ya kuziondoa.

Na pine, kwa sababu nimezisifu: usiziache wazi nje ya nyumba. Maji ya mvua yanalala ndani, mbu wanazaa. Zikate au uzifunike. Na kuzichoma ili kupata waya wa ndani ni kujichoma mapafu.

Najua wengine watasema: "Wazungu wanageuza ski kwa kujifurahisha, sisi tunageuza kwa sababu hatuna. Musitusifie umaskini wetu." Ninaelewa. Hata mimi nimechoka na ile artikle 15 yetu ya jitafutie kila siku. Lakini kujitafutia mtu peke yake, gizani, bila kuuliza, ndiko kulikompeleka yule mtoto kwenye kituo cha afya. Ninachoomba ni tujitafutie pamoja, kwa kujua. Hapo haiitwi tena umaskini, inaitwa ufundi. Na ufundi una furaha yake, hata kwa mtu ambaye mfuko wake ni mtupu.

Furaha hiyo nimeiona. Baada ya ile picha, vijana wa koperative walichukua chukudu iliyovunjika gurudumu, iliyolala nyuma ya depo tangu mwaka jana. Wakang'oa usukani, wakakata mti wake vipande vinne vya miguu, wakatoboa matundu, wakakaza kwa bulo za pikipiki ya zamani. Ule ubao mrefu wa kubebea mzigo ukawa kikalio. Kabla ya jua kuzama kulikuwa na benchi mbele ya depo, na mama wanaongojea kupima kahawa wakaketi juu yake. Ubao ulioshuka mteremko na mamia ya kilo hauogopi mama watatu, hata mmoja wao akiwa na mtoto mgongoni.

Kwa mkutano mkuu ujao ninaleta maombi matatu. Kwanza, salongo ya siku moja kabla ya kila msimu: kila mwanachama alete kitu kimoja cha zamani, tuketi na mafundi, tuulize kilifanya kazi gani na kinaweza nini tena. Pili, resore na vyuma vikali visiuzwe hovyo. Koperative ivinunue, na kesye ilipe mhunzi wa hapa atengeneze majembe, tuwauzie wanachama kwa bei ya kazi. Yule wetu akisikia kuna kazi, labda ataacha dhahabu na kurudi. Tatu, kila chupa ya dawa inayotoka depo iandikwe katika daftari kwa namba, na mtu asipewe mpya kabla ya kurudisha ile ya zamani, imeoshwa mara tatu na kutobolewa.

Ombi la tatu halina pesa nyingi ndani. Linataka msumari, kufuli, na mtunza depo mwenye msimamo. Kama hatuwezi yote matatu, tuanze na hilo.