KISIWA KI MLANGONI, NASI TWASOMA CHA MBALI

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Volkeno umeijulia wapi? Bila shaka utanitajia Vesuvius ya Italia au visiwa vya Hawaii, maana ndivyo tunavyovisoma. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo hadi muhula wa pili, sisi wa Kidato cha Tatu tulipozuru Kisiwa cha Kati, humu humu Ziwa Turkana. Wahenga hawakukosea waliponena tembea uone.

Tulivuka asubuhi na mapema kutoka upande wa Kalokol, kabla upepo haujaamka. Kisiwa chenyewe ni volkeno tupu: mawe meusi, majivu, na mvuke unaofuka kwenye nyufa. Kasoko zake tatu zimejaa maji na kuwa maziwa yenye majina: la mamba, la flamingo na la tilapia. Mamba hutaga mayai huko. Tuliposimama ukingoni, hata wale wapiga kelele wa darasa letu (mnajijua!) walinyamaza kama maji mtungini.

Lakini sikushika kalamu kusifu mandhari. Hoja yangu ni kwamba ziara kama hii ni somo, na somo ni haki ya kila mwanafunzi, si ya mwenye nauli pekee.

Aliyetufunza zaidi siku hiyo hakuwa na chaki. Ni mzee aliyetuendeshea boti. Alisema, "Vijana, ziwa hili halina mto wa kutoa maji. Linaloingia ndilo tulilo nalo." Maji mengi hutoka mto Omo wa Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilianza kuzalisha umeme mwaka wa 2015. Mwaka wa 2018 UNESCO iliziingiza mbuga za Ziwa Turkana, kisiwa hiki kikiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Halafu, kuanzia mwaka wa 2020 hivi, maji yalipanda yakawahamisha watu ufuoni. Kumbe ziwa halina kawaida moja!

Mzee alitukumbusha pia kiwanda cha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norway miaka ya 1980. Kugandisha samaki katika joto hili na kupata maji safi kulikuwa ghali mno, kikafa mapema. Ghuba ya Ferguson nayo ikakauka miaka hiyo hiyo. Mimi naona funzo ni moja: anayetaka kutunza ziwa au kulitumia, na amwulize kwanza anayeishi nalo.

Sasa ngoja niseme linalonichoma. Miongoni mwetu wapo wanaomcheka mtoto wa mvuvi, ati kwao hawana mifugo. Nami nilikuwa mmoja wao. Mwenzangu wa dawati, ambaye babake ni mvuvi, hakuwa botini siku ile. Alikosa pesa. Tuliporudi tukamsimulia ziwa, yeye aliyelelewa na ziwa! Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mliporudi upepo ulikuwa unatoka wapi?" Hakuna aliyejua. Niliona aibu. Aliyestahili kutufunza ndiye tuliyemwacha nyumbani.

Wapo watakaosema ziara hula muda wa mtihani na pesa za wazazi. Sikatai, pesa ni shida, hasa kwetu sisi wa shule ya kutwa. Lakini penye nia pana njia. Kwanza, nauli ilipwe kidogo kidogo tangu muhula wa kwanza, si kudaiwa kwa wiki moja. Pili, anayekosa kabisa achangiwe na darasa. Mbona tunachangia jezi? Tatu, wavuvi waalikwe darasani kabla ya safari, ili tuvuke tukijua cha kuuliza. Na takataka zetu tulizobeba turudi nazo, maana mamba hawana mfagiaji.

Shime wanafunzi wenzangu! Mwaka ujao kisiwa kitakuwa pale pale. Sipendi kusikia tena kiti kimoja kimebaki kitupu botini, na mwenyewe yu nyumbani akihesabu mawimbi.