Ajali ya kiberenge ya Korogwe (2020)

Ajali ya kiberenge ya Korogwe ilitokea tarehe 22 Machi 2020 katika Mkoa wa Tanga, Tanzania. Kiberenge cha Shirika la Reli Tanzania (TRC) kiligongana na treni ya mizigo kati ya stesheni za Mwakinyumbi na Gendagenda. Wafanyakazi watano wa shirika hilo walifariki.

Penye njia moja ya reli, usalama hutegemea mawasiliano: chombo hakipaswi kuingia kabla ya kuthibitishwa kwamba njia ni tupu. Treni ya mizigo ni nzito, haiwezi kusimama ghafla.

Wajibu wa mwajiri una pande mbili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka azuie hatari mapema. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu yanayofuata: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na waajiri, huwalipa walioumia kazini na wategemezi wa waliofariki bila kuwadai wathibitishe kosa la mwajiri.

Hata hivyo, fidia haielezi kwa nini vyombo viwili vilikutana kwenye njia moja. Hilo ni swali la uchunguzi, na jibu lake ndilo linalowalinda wafanyakazi wa zamu inayofuata.