Ngumi ni zetu, filme iwe yetu pia



Kila mwaka banafunzi mu vyuo vya hapa kwetu banaandika TFC, banalipia uchapishaji, banaitetea mbele ya baprofesa, kisha inaenda kulala mu kabati. Bamoja kati yao banatamani kufanya kitu kingine: filme. Na mara nyingi hadithi yenye iko kichwani ni ya ngumi. Kijana wa Katuba ao wa Ruashi, muchana anabeba mizigo ku soko, mangaribi anaenda kujizoeza. Halafu hofu inaingia: "Hatuna makuta, hatuna kamera, tutafanya namna gani?"

Musimamo wetu ni huu: filme ya ngumi ya makuta kidogo inawezekana mu Lubumbashi, hata kwa telefone. Kitu chenye kinaua filme zetu si kamera ndogo. Tunafikiriaka bantu benye bataiangalia nyuma ya kumaliza kila kitu, na tunakubali muntu mwingine ashike kazi yetu mu mikono yake. Hapo njo tunapigwa.

Sisi tulilipa, bengine balibeba picha

Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alimuangusha George Foreman mu ronde ya 8, kule Kinshasa, ndani ya uwanja wa 20 Mai wenye leo unaitwa Tata Raphaël. Bantu balikesha. Pambano lilianza alfajiri sana, kwa sababu saa zilipangwa kufuatana na televisheni ya Marekani, hapana usingizi wa Bazairwa. Kila mupiganaji aliahidiwa dola milioni 5, na utawala wa Mobutu njo ulibeba ule muzigo. Bantu ba Kinshasa balitoa sauti zao: "Ali, boma ye!" Ile kelele dunia nzima inaijua mpaka leo.

Na picha je? Mumarekani Leon Gast alikuja na timu yake, akafilimu muziki, mazoezi na pambano. Lakini picha zikabaki zimefungwa juu ya matatizo ya feza na ya haki, karibu miaka 22. Filme yake, When We Were Kings, ilitoka paka mu 1996, na mu 1997 ikapata Oscar. Ni filme nzuri, muitafute muiangalie. Lakini mukiiangalia, musikilize nani anaeleza. Sehemu kubwa banaeleza bandishi ba Marekani, Norman Mailer na George Plimpton. Bantu benye kupiga kelele ni betu. Benye kueleza maana ya kelele ni bengine.

Tunapata masomo mawili. La kwanza: hata filme yenye feza nyingi inaweza kukwama miaka na miaka kama makaratasi hayakuwa safi tangu mwanzo. La pili: mwenye kushika picha njo mwenye kusimulia. Na ngumi yetu haikuisha 1974. Tarehe 31 Januari 2020, palepale Kinshasa, Ilunga Makabu alimushinda Mupolandi Michał Cieślak na kuvaa mukaba wa dunia wa WBC. Hadithi ziko. Mikono ya kuzishika njo tunaitafuta.

Kamera ndogo si sababu ya kukaa

Stanley Kubrick, kabla dunia kumujua, alikuwa mupiga picha wa gazeti mu New York. Alifanya filme yake ya kwanza akiwa kijana wa miaka 21: Day of the Fight, filme fupi juu ya siku moja ya bokseri Walter Cartier, kutoka asubuhi mpaka kengele ya pambano. Hakutafuta mamia ya baigizaji. Alichukua muntu mumoja wa kweli, siku moja, na rafiki yake akashika kamera ya pili. Inasimuliwa kwamba ilimukula karibu dola 3,900 na kampuni ya RKO ikainunua dola 4,000. Faida ilikuwa ndogo, lakini mulango ulifunguka.

Karibu na kwetu, kule Kampala, mu mutaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mu 2010. Bajeti yake inatajwa kuwa chini ya dola 200. Na hapa hapa Lubumbashi, Frank Mukunday na Tétshim balitoa Machini mu 2019, filme fupi ya vikatuni yenye kutumia mawe kuonyesha namna utajiri wa chini ya udongo unatuharibia maisha. Mawe! Katanga haijawahi kukosa mawe. Ile filme ilisafiri inchi mingi.

Sasa turudi ku ngumi. Ngumi ya filme haigusi muntu. Kamera inasimama nyuma ya bega la mwenye kupigwa, mukono wa mwenzake unapita mbali kidogo na uso, yeye anageuza kichwa haraka, na sauti ya pigo munaitia nyuma, wakati wa montaji. Uwanja mukubwa hauhitajiki. Chumba chenye giza, taa moja juu ya ringi, bantu 15 benye kujua kupiga kelele, na sauti ya umati yenye mulirekodi siku ya pambano la kweli, ile inatosha. Muache kamera ikaribie: jasho, vitambaa vya mukono, miguu, macho ya kocha. Mwenye kuangalia atajenga uwanja mu kichwa chake.

Vitu viwili musivichezee. Cha kwanza ni sauti. Bantu banasameheaka picha yenye giza, lakini mazungumzo yenye hayasikiki hawasamehe. Mikro ndogo ya kuunganisha ku telefone ni muhimu kuliko kamera ya kukodisha. Cha pili ni mwili wa bokseri. Asipigwe ku kichwa mara kumi juu munatafuta picha nzuri. Kocha akae pembeni, na akisema "basta", ni basta.

Soko linaanza mbele ya kamera

Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme kikundi chenu munachanga dola 300. Mara nyingi zote zinaisha ku siku za kufilimu, na siku filme imemalizika hakuna hata franka ya kulipa sale. Sisi tunasema: gawanya mara tatu. Dola 200 za kufanya: chakula 70, usafiri 40, diski ya kulinda picha 40, mikro 30, petroli ya jenereta 20 kwa ile siku umeme utakatika, juu utakatika. Dola 100 zinazobaki, funga mu bahasha na muandike juu yake "bantu bataiangalia wapi?" Musiiguse mpaka filme iishe.

Wapi, basi? Mu Lubumbashi sale za sinema za zamani bazee njo banazikumbuka. Sisi wengine tunajua makanisa tu mahali pale. Kwa hiyo filme ifuate bantu. Sale ya parokia, sale ya masomo siku ya posho, uwanja mudogo wa kartier. Na mahali pazuri kuliko pote: siku ya mapambano ya ngumi yenyewe, mbele ya pambano kubwa. Pale bantu benye kupenda ngumi tayari bamekusanyika, hamuhitaji kubashawishi. Tiketi ya 1,000 franka, bantu 120, mara tano mu komini tano, ni 600,000 franka. Mukitosha bei ya sale na usafiri, haiwatajirishi, lakini inalipa deni na inaanzisha filme ya pili.

Halafu kuna bale batoto benye komputa pembeni ya barabara, benye kutia muziki na filme mu kadi za telefone. Tumezoea kubaita bezi. Sisi tunafikiri bao njo mutandao mukubwa wa usambazaji wenye muji huu uko nao. Muende kwao mbele ya filme kutoka. Mupatane: kila kopi yenye kuuzwa, sehemu yao na sehemu yenu, kwa M-Pesa ao Airtel Money, kila jumamosi. Bengine batadanganya, ndiyo. Lakini Nabwana na kundi lake kule Kampala balifahamu mapema: baigizaji benyewe balienda nyumba kwa nyumba kuuza DVD, juu balijua banako kama juma moja tu mbele ya kopi za wizi kufika ku soko. Mwenye kufika wa kwanza njo mwenye kuuza. Ukiwa na filme na unangojea "siku nzuri", mwingine ataiuza mu nafasi yako.

Ku intaneti, mukumbuke mega ni gali. Hakuna mwanafunzi atatumia mega zake za juma kufungua filme ya saa moja ya muntu hamujui. Mutoe kipande cha sekunde 30 chenye kuwa chepesi, chenye kupita mu WhatsApp bila shida: pigo moja, jina la filme, siku na mahali. Basi. Musionyeshe mwisho.

Na luga? Kiswahili cha kwetu, kile cha ku soko la Kenya na cha mu bisi. Kikundi cha Mufwankolo kilijaza redio na televisheni za hapa na michezo ya Kiswahili cha Lubumbashi, na bazazi betu balicheka na kulia bila kufundishwa. Bokseri wa Katuba akiongea Kifaransa cha profesa, sale itacheka mahali hapapaswi kucheka. Tieni maandishi ya Kifaransa chini kwa ajili ya bale ba mbali.

Feza zenye kuja na sura ya muntu

Hapa njo roho ya hii maneno. Mukianza kufilimu, atakuja muheshimiwa. Atasema: "Batoto bangu, nitawapa dola 1,000." Hataomba kitu kikubwa. Paka sura yake ku afishi, jina lake mwanzoni, na kipande kidogo mahali bokseri anamushukuru juu ya maglavu. Mukikubali, hamuko tena na filme. Munako na tisheti ya kampeni yenye kutembea. Na nyuma ya uchaguzi, hakuna muntu anavaa ile tisheti tena.

Hatusemi mukatae feza zote. Mufanya biashara wa kartier anaweza kulipa jina lake liandikwe mwishoni. Ile ni matangazo, iko wazi, bei inajulikana. Tunakataa feza zenye kubadilisha hadithi. Alama ni nyepesi: kama mwenye kutoa anataka kusoma senario mbele ya kulipa, rudisha bahasha.

Lakini tuwe baaminifu na kwetu pia. Tunalalamika kwamba bageni balibeba picha za 1974, kisha tunamuchukua bokseri wa kartier, tunamufilimu miezi mitatu, tunamupa fanta na asante. Ile ni ule ule wizi, paka mudogo. Muandike karatasi moja mbele ya siku ya kwanza: nani mwenye filme, nani anapata asilimia ngapi, na bokseri anapata nini kila mara filme inauzwa. Wote batie saini. Sheria iko: ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za batunzi. Lakini sheria haimusaidii muntu mwenye hana karatasi.

Kwa benye mamlaka

Tunawasikia bale banasema: "Maji hakuna, umeme hakuna, ninyi munaongea filme?" Ndiyo, tunaongea filme. Muji wenye kutoa shaba na kobalti kwa dunia nzima, na hauna picha zake benyewe, utaendelea kuelezwa na bengine. Na wenye kuelezwa na bengine banauzwaka bei rahisi.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu, na si zawadi.

Kwanza, mwanafunzi mwenye kamera ku barabara asitendewe kama muhalifu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinalinda uhuru wa kutunga na wa sanaa. Hakisemi popote kwamba ule uhuru unalipiwa mu mufuko wa muntu pembeni ya barabara. Kama kuna karatasi ya kuomba, bei yake ibandikwe ku mulango, na risiti itoke.

Pili, nafasi ya kuonyesha. Babelgiji balijengea huu muji teatri mu miaka ya 1950, na ile jengo ikatumika kama nyumba ya Bunge la jimbo. Basi, kama banasiasa balichukua sale yetu, komini zitufungulie zao: mangaribi moja kwa mwezi mu kila komini, kwa filme za vijana.

Tatu, vyuo vikubali filme kama kazi ya mwisho, mahali masomo yanaruhusu. Baprofesa baihukumu kwa ukali ule ule. Lakini ionekane na bantu, isilale mu kabati.

Na wewe mwenye kusoma hapa, hungojei jibu la gavana ndipo uanze. Juma hili tafuta sale ya mazoezi ya ngumi mu kartier chako. Usitoe kamera siku ya kwanza. Kaa, angalia, uliza bokseri anaamuka saa ngapi na anakula nini. Siku ya pili, nenda na karatasi na kalamu, muandike ile mapatano pamoja. Siku ya tatu njo kamera.

Lubumbashi, tusimame, tushike picha zetu!