Chumba Kitupu na Watu Nje

Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, lilimpokea Stanley mwaka 1871, Livingstone mwaka 1872, na Cameron mwaka 1873. Kila mgeni alipoondoka, nyumba ilibaki kwa ajaye.

Leo wengi wetu hufanya kazi siku nyingine nyumbani, siku nyingine ofisini, na chumba kimoja cha mikutano hutumiwa kwa zamu. Twasikitika mtu anapojiandikia saa nne, asitokee wala asifute jina lake. Wenzake husimama nje, na chumba ki kitupu.

Zamu ni ahadi, na ahadi ni deni. Suratul Mujadila, aya ya 11, yatuamrisha tupeane nafasi mabarazani. Basi, enyi vijana, mkighairi, semeni mapema.