Mauzo Hayapimi Mwaka wa Galeri

Kila Desemba galeri ndogo za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hufunga hesabu, na swali la kwanza wanaloulizwa wenyewe ni lile lile: mmeuza ngapi? Vibandiko vyekundu vinavyowekwa kando ya picha zilizonunuliwa vikiwa vingi, mwaka umekuwa wa heri. Vikiwa vichache, watu hutikisa vichwa na kusema sanaa hailipi. Imani hiyo imezoeleka hata wenye galeri wameimeza. Ni imani potofu, na imetugharimu sana.

Mtazame Edward Saidi Tingatinga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akichora Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi zilizokatwa mraba. Picha zilipata wanunuzi, hasa wageni waliokwenda kufanya manunuzi Morogoro Stores, kule Oysterbay. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, jina lake lilikwisha kujulikana. Kwa kipimo cha mauzo, alifaulu. Lakini hatukuachiwa daftari kamili la kuonyesha ipi ilichorwa lini na ikaenda kwa nani. Ndiyo maana leo kazi nyingi za mkono wake ziko ughaibuni, za kughushi zenye saini yake zimepenya sokoni, na mwanafunzi wa Tunduru, wilaya alikotoka, anamjua kwa kusimuliwa tu.

Ona kinachofanyika mnunuzi wa mbali akishalipa. Turubai hutolewa kwenye fremu, huviringishwa upande wa rangi ukiwa nje ili rangi isipasuke, hutiwa kwenye bomba la kadibodi, na jioni iko uwanja wa ndege. Kama hakuna aliyeipiga picha vizuri na kuandika vipimo, mwaka na jina la mnunuzi, kwetu sisi kazi hiyo ndiyo imepotea hivyo.

Najua nitakavyojibiwa: msanii hali sifa. Ni kweli. Na galeri nayo, ingawa mara nyingi huchukua hadi nusu ya bei, ina pango la kulipa. Lakini hata tukizungumza fedha peke yake, kumbukumbu ni mtaji. Tangu 2013 Circle Art Gallery ya Nairobi imekuwa ikiendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki. Katika mnada wowote, mnunuzi makini huuliza picha imetoka wapi, ilionyeshwa wapi na imepita mikononi mwa nani. Picha isiyo na majibu huporomoka bei, na anayeumia ni msanii yule yule tuliyedai kumtetea.

Pia kuna mambo ambayo soko haliyafanyi. Taasisi ya NCAI ya Nairobi, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka 2020, haiendeshwi kwa faida. Mwaka 2022 iliandaa maonyesho ya Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akashika brashi, yakikusanya kazi zake za miongo kadhaa. Ukihesabu vibandiko, maonyesho kama hayo ni hasara tupu. Lakini kijana anayejifunza kuchora alipata kuona pale mchoraji wa kwao alivyoanza na alivyobadilika. Galeri inayokimbizana na wanunuzi haimudu kumpa somo hilo, maana kazi za zamani zilikwisha kuuzwa na nyingine hata haijui ziliko.

Basi ripoti ya mwaka ya galeri ikikufikia, usikimbilie safu ya mauzo. Uliza ni msanii gani aliyepewa nafasi ya kujaribu jambo jipya, ni wanafunzi wa shule gani walioingia mlangoni, na kila picha iliyoondoka imeacha kumbukumbu gani. Galeri isiyoweza kujibu maswali hayo, hata ikiuza ukuta mzima, ni duka tu.