MKULIMA WA GALULA NA SISI

Wananchi wa Visiwani, Galula iko Mkoa wa Songwe, lakini msidhani khabari zake hazituhusu.

Machi 2025 Malawi ilizuia mchele, mahindi na ndizi kutoka nje. Afrika Kusini nayo ilikuwa ikikataa ndizi za Tanzania. Aprili Waziri wa Kilimo akapiga marufuku mazao ya nchi hizo mbili. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa! Hatumlaumu kwa kujibu. Twauliza: ni utafiti gani uliompa mkulima wa Galula, kabla hajashika jembe, khabari ya soko litakalomfungia mlango?

Wataalamu wa Uyole hutoa mbegu njema, nasi twawasifu. Lakini mbegu haijui bei.

Sisi twaijua dhiki hii. Karafuu zetu hununuliwa na shirika la serikali lililoundwa 1968. Bei hupangwa na wakubwa, mchumaji wa Pemba huisikia tu. Na ingawa kilimo si jambo la Muungano, mambo ya nje ni ya Muungano: ugomvi wa mpakani hutufika nasi, bila ya kuulizwa.

Twadai hesabu za masoko ya nje zichapishwe kwa Kiswahili, zibandikwe Galula na Wete, kabla ya msimu.